Mwanaume aliyepasuliwa prostati anapashwa kuambiwa ukweli juu ya ndoa yake

Goma, Kivu ya Kaskazini. Mwanaume anafikishwa hospitali usiku sababu mkojo umekataa kutoka. Wanamtia sonda, wanamwambia prostati imekuwa kubwa, wanapanga siku ya operasio. Familia inahangaika kutafuta makuta, damu inatafutwa, mtoto mkubwa anatia sahihi kwenye karatasi iliyoandikwa Kifaransa. Siku kadhaa kisha mzee anarudi nyumbani, anakojoa vizuri, majirani wanakuja kumshukuru Mungu pamoja naye. Miezi miwili au mitatu inapita, na ndani ya nyumba ile kunaanza kimya ambacho hakuna mtu anayekitaja.

Mara nyingi waganga walifanya kazi nzuri. Kidonda kimepona, homa hakuna, mkojo unapita. Lakini hakuna aliyemwambia mwanaume yule kwamba kuna jambo litakalobadilika kitandani, na hakuna aliyemwita bibi yake akae kwenye benchi pembeni yake asikie. Hospitali ilihesabu mkojo, damu na faktire. Ndoa haikuhesabiwa. Hilo ni kosa, na linaharibu nyumba za watu ambao vita tayari vimewaharibia karibu kila kitu kingine.

Prostati yenyewe ni kiungo kidogo ambacho kila mwanaume anacho. Inakaa chini ya kibofu na imezunguka njia ya mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za kiume. Miaka ikiongezeka, inakua. Kati ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60, karibu nusu wana prostati iliyokua, na kwa waliopita miaka 80 inafika watu 90 kwa 100. Si wote wanaopata shida. Wenye shida wanaanza kuamka mara tatu au nne usiku, mkojo unatoka kwa kusukuma, unakatika katikati, wanamaliza na bado wanasikia kama haujaisha. Haitoki kwa kulala na wanawake wengi, wala kwa kukaa bila mwanamke, wala hakuna jirani aliyeituma. Na prostati iliyokua hivi si kansa. Kansa ni ugonjwa mwingine wa kiungo hicho hicho, na mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyingine.

Wakongomani wana sababu ya kuliogopa neno hili. Mwezi wa 8 mwaka 1996 Mobutu alipasuliwa kule Lausanne, Uswisi, kwa ajili ya kansa ya prostati. Alipokuwa bado anatafuta nafuu Ulaya, vita vikawaka hapa Kivu, na aliporudi Kinshasa mwezi wa 12 nchi ilikuwa imeanza kumtoka mikononi. Alikufa Rabat, Maroko, tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka 1997. Tangu wakati ule, wazee wengi wakisikia prostati wanasikia kansa, na wakisikia kansa wanasikia jeneza. Mfano wa pili hautajwi sana. Nelson Mandela alipasuliwa prostati mwaka 1985, akiwa mfungwa, katika hospitali moja ya Cape Town. Alikuwa na miaka 67, na kwake ilikuwa imekua tu. Alitoka gerezani 1990, akawa rais 1994, akamuoa Graça Machel mwaka 1998, siku ile ile alipotimiza miaka 80. Mwaka 2001 alitibiwa kansa ya prostati, na akaishi hadi 2013. Mzee anayekataa hospitali sababu ya Mobutu anapashwa kuhesabu na Mandela.

Basi ni nini kinabadilika kisha operasio ya prostati iliyokua, ile isiyo ya kansa? Hapa ndipo watu wanapotea, na ndipo panafaa kuelezwa polepole.

Mwanaume anapofika mwisho wa tendo la ndoa, kwa kawaida mlango wa kibofu unajifunga, na mbegu zinatoka mbele. Munganga anapoondoa nyama ya prostati iliyoziba njia, mara nyingi mlango ule haujifungi tena kama zamani. Kwa hiyo mbegu, badala ya kutoka mbele, zinarudi nyuma na kuingia kibofuni. Zinatoka baadaye pamoja na mkojo, na mkojo ule unaonekana kama umechanganyika na maziwa kidogo. Hali hii inawapata wengi wa waliopasuliwa. Haiumizi. Haileti ugonjwa. Mwanaume bado anasikia raha yake, ila anamaliza pakavu. Kusimama kwa uume kwa kawaida hakuguswi na operasio hii, maana mishipa inayofanya kazi hiyo inapita nje ya prostati. Wachache wanapungukiwa. Mtu aliyekuwa na nguvu kabla ya kisu, wengi wao wanabaki nazo. Na yule ambaye nguvu zilikuwa zimeanza kumwacha kabla, sababu ya sukari, presha au umri, asitegemee kisu kumrudishia.

Maneno hayo yote yanaweza kusemwa katika dakika kumi. Yasiposemwa, ona kinachotokea.

Chukua mfano wa mkulima wa miaka 62 kutoka Masisi, mwenye bibi wa miaka 45. Wiki ya sita kisha operasio wanajaribu kukutana. Mambo yanaenda, lakini mwisho hakuna kitu kilichotoka. Mwanaume anaogopa: anafikiri wamemkata, kama vile watu wa kijiji walivyosema. Hamwambii mtu. Mara ya pili anaogopa zaidi, na woga peke yake unatosha kumlegeza mwanaume yeyote, hata kijana. Mara ya tatu anasema amechoka. Kisha hapo anaanza kulala akigeukia ukuta. Bibi naye ana hesabu yake. Ameona kwamba hakuna mbegu, na jibu analolijua ni moja: ameziacha kwa mwanamke mwingine. Ao pengine amerogwa. Ao hospitali imemharibia bwana wake na yeye anaficha. Kila mmoja analia upande wake, na wote wawili wanalilia kitu ambacho munganga angekieleza mbele ya kisu kwa sentensi tatu.

Familia inaingia. Dada za bwana wanamshitaki bibi kwamba anamdharau mgonjwa. Ndugu za bibi wanamshauri arudi kwao. Mchungaji anaita watu wawili wale, anahubiri juu ya uaminifu, na kwa kweli hakuna aliyekosa uaminifu hapo. Ni aibu kuona ndoa ya miaka 25 inapelekwa mbele ya baraza juu ya mlango wa kibofu.

Kuna jambo lingine ambalo linapashwa kusemwa kabla, si kisha: kuzaa. Mbegu zikirudi nyuma, mimba inakuwa ngumu kupatikana. Kwa mzee mwenye watoto wanane jambo hili ni dogo. Kwa mwanaume wa miaka 55 aliyeoa upya kwa sababu bibi wa kwanza alikufa katika kukimbia, si dogo hata kidogo. Yeye ana haki ya kujua, na ana haki ya kuuliza kama anaweza kwanza kutumia dawa. Dawa zipo. Moja inaitwa tamsulosini, inalegeza njia ya mkojo. Nyingine ni finasteridi, inapunguza prostati polepole kwa miezi mingi. Nazo zina mambo yake kitandani, ya kwanza inaweza kupunguza mbegu, ya pili inaweza kupunguza hamu kwa baadhi ya watu. Lakini ni uchaguzi, na mtu mzima anastahili kuchagua. Ila mwenye mkojo uliofunga kabisa mara kwa mara, ao figo zimeanza kuumia, huyo asipoteze muda na vidonge peke yake.

Kwa kansa mazungumzo ni mazito zaidi. Pale ambapo munganga anaondoa prostati nzima, mishipa ya kusimamisha uume inapita karibu sana, na mara nyingi inaumia hata kama mpasuaji ni hodari. Nguvu zinaweza kurudi kwa muda mrefu, mwaka mmoja ao miwili, na kwa wengine hazirudi kama zamani. Mkojo nao unaweza kuvuja kwa miezi. Hapa mashariki ya Kongo wengi wanafika hospitali kansa ikiwa imeshaenda kwenye mifupa, wakati kuondoa prostati peke yake hakusaidii tena. Hapo njia inayotumiwa sana katika nchi maskini ni kuondoa makende. Sababu yake inajulikana tangu 1941, pale munganga Charles Huggins alipoonyesha kwamba kansa hii inalishwa na homoni ya kiume inayotoka kwenye makende. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mtu akiondolewa makende, maumivu ya mifupa yanaweza kupungua haraka na maisha yakaongezeka. Lakini hamu ya mwanamke inapungua ao inaisha, joto la ghafla linampanda mwilini, jasho linamtoka usiku, mifupa inadhoofika, matiti yanaweza kuvimba kidogo.

Kuna wanaume ambao wangechagua hivyo bila kusita, ili waone wajukuu. Kuna ambao wangekataa. Kisichokubalika ni mwanaume kuamka kutoka usingizini na kukuta makende hayapo kwa sababu karatasi ilikuwa ya Kifaransa, yeye anasema Kihunde, na mtoto wake aliyetia sahihi aliona haya kumtafsiria baba yake neno hilo. Mtoto hana kosa. Katika desturi za huku, mtoto hataji sehemu zile mbele ya baba. Kwa hiyo si mtoto anayepashwa kutafsiri. Atafutwe mwanaume wa rika lake, muuguzi mzee, ao mtu wa familia ambaye desturi inamruhusu kutaniana naye. Watu hao hawakosekani.

Sasa weka mambo haya yote katika maisha ya mtu aliyekimbia.

Mwezi wa 2 mwaka 2025 kambi zilizozunguka Goma, Bulengo, Lushagala na nyingine, zilivunjwa, na mamia ya maelfu ya watu wakabeba bashi na sufuria zao na kurudi kwenye vijiji ambavyo nyumba nyingi zilikuwa zimeanguka, ao wakaingia katika familia za kuwapokea. Mwenye sonda naye alibeba mzigo wake kama wengine. Familia ya watu saba katika chumba kimoja haina mahali pa bwana na bibi kuzungumza, achilia mbali kukutana. Anayevuja mkojo anasikika harufu na watoto wa mwenye nyumba. Choo kiko mbali, na Goma hii imejengwa juu ya mawe ya volkano, kuchimba shimo la choo ni kazi ya wiki. Wazee wengi wanajibu shida hiyo kwa kuacha kunywa maji jioni, wengine wanaacha hata mchana. Mkojo unakuwa mzito na sonda inaziba. Na kuvimba kwa sonda iliyoziba ni maumivu ambayo mtu hawezi kuyaficha hata akitaka.

Sonda haikuumbwa ikae mwaka. Ile ya kawaida ya mpira inabadilishwa karibu kila mwezi, ile ya silikoni inaweza kufika miezi mitatu. Mfuko wa mkojo unakaa chini kuliko kibofu, hauinuliwi juu ya kitanda wala hautundikwi begani njiani. Ngozi inapotokea mpira inaoshwa kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida. Homa ikimshika mwenye sonda, ao mkojo ukitoka na mabonge ya damu, ao usitoke kabisa, ni siku ile ile kufika kituo cha afya. Wanaume wengi wa vijijini wanaishi na sonda kwa miaka kwa sababu operasio inagharimu makuta ambayo hawana. Wanangoja kuuza shamba, na shamba liko mahali ambapo hawawezi kufika.

Na hao wenye sonda, je, ndoa yao imekwisha? Karibu wote wanaamini hivyo. Si kweli. Waganga wa nchi nyingine wanawaeleza wagonjwa wao wazi kwamba mwanaume anaweza kukunja mpira wa sonda kando ya uume na kuvaa kondomu juu yake. Si rahisi, na si kila mtu atataka. Kwa wengine, sonda inayopitia tumboni, juu kidogo ya mfupa wa mbele, inaacha sehemu ya siri huru kabisa. Lakini nani amewahi kusikia jambo hilo likisemwa katika kituo cha afya cha huku? Kondomu zinapopatikana katika vituo hivyo, zinakuwa kwa ajili ya Ukimwi. Hakuna aliyefikiri kwamba mzee wa miaka 70 angeweza kuihitaji kwa sababu nyingine.

Mahali hospitali inaponyamaza, soko linasema. Pale Virunga na Birere, kwenye vibaraza na kwenye vikapu vya watembezaji, kuna kinini, unga na chupa ndogo za "nguvu ya wanaume". Kipaza sauti kinatangaza kutwa nzima bila haya yoyote, watoto wakipita. Ni ajabu: jambo ambalo muuguzi anaona haya kulitaja katika chumba kilichofungwa, mwenye kipaza sauti analitangaza barabarani. Baadhi ya kinini hizo zina sildenafili, dawa ya kweli iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 na ambayo inasaidia watu wengi ikitolewa na munganga. Lakini hakuna anayejua ndani ya kikapu kile kuna nini na kiasi gani. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati, kinini hicho kinaweza kushusha damu yake ghafla na kumuua. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne baada ya kumeza, hiyo si sifa ya kusimulia wenzako. Ni hatari, unaweza kuharibika moja kwa moja, na mtu anapashwa kukimbia hospitali. Zaidi ya yote, hakuna kinini kitakachorudisha mbegu mbele kwa aliyepasuliwa prostati. Mwanaume yule wa Masisi anaweza kumaliza makuta ya chakula cha watoto akitafuta dawa ya ugonjwa ambao hana.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayafai redioni, kwamba kuna watoto na wakwe wanasikiliza. Pingamizi hili lina uzito kidogo, na ndiyo maana maneno yanachaguliwa. Lakini redio hizi hizi zimezungumza kwa miaka mingi juu ya kubakwa, juu ya fistula, juu ya Ukimwi, na watu wa Kivu wamezizoea habari hizo kwa sababu ziliokoa watu. Wengine watasema kwamba wakati watu wanakosa unga na bashi, habari ya kitanda cha mzee ni anasa. Hao hawajawahi kukaa karibu na mwanaume ambaye amepoteza shamba, ng'ombe na nyumba, na sasa anaamini amepoteza na uanaume wake. Mtu kama huyo anaacha kutoka nje. Anaacha kutafuta kazi. Anapiga bibi ao anakunywa kasiksi tangu asubuhi. Mara nyingi kisu hakina kosa hapo: mtu aliyekimbia mara tatu na kuzika mtoto njiani anaweza kukosa nguvu bila kupasuliwa popote, maana huzuni nayo inalegeza mwili. Lakini bila mtu wa kumsikiliza, atalaumu operasio, na mwenzake mwenye mkojo uliofunga atasikia na kukataa hospitali mpaka figo zife.

Na mfano wa kufuata uko hapa hapa. Panzi kule Bukavu, na HEAL Africa hapa Goma, zinajulikana duniani kwa kushona wanawake wenye fistula, na watu walioanza kazi hiyo walielewa mapema kwamba kushona peke yake hakutoshi: mwanamke anahitaji mtu wa kuzungumza naye, familia yake inahitaji kuelezwa, ndoa yake inahitaji kusindikizwa. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka kuwapunguzia akina mama hata kidogo cha msaada huo. Swali ni kwa nini mwanaume aliyepasuliwa sehemu zile zile, awe ni kwa prostati, awe ni kwa risasi iliyopita kwenye nyonga na kukata njia ya mkojo, anapewa karatasi ya dawa na kuambiwa kwenda. Vita hivi vimetoa vijana wengi wa namna hiyo ya pili. Wao wana miaka 20 na kitu, hawajaoa, na wanajiuliza peke yao usiku kama wataoa.

Kwa hospitali na kwa mashirika yanayolipia operasio, mambo ya kufanya si ya makuta mengi. Kabla ya kisu, mwanaume na bibi yake, kama anaye, wakae na muuguzi mmoja mahali pasipo na masikio ya wengine, waelezwe kwa luga wanayoisema nyumbani. Karatasi ya sahihi isomwe katika luga hiyo. Wiki ya sita, wakati wa kurudi kuonyesha kidonda, liulizwe swali moja la wazi: kitandani mambo yanaendaje? Mwanaume hataanza kusema mwenyewe, ila akiulizwa na mtu asiyecheka, atajibu. Na katika misaada inayogawanywa kwa waliokimbia, ambako sabuni na vitambaa vya wasichana vimepata nafasi yao ya haki, iingie mifuko ya mkojo na pampasi za watu wazima. Wanaozihitaji ni wachache katika kila kijiji, na warele wa afya wanawajua nyumba kwa nyumba.

Waliopasuliwa tayari wanaweza kuanza na haya. Kukutana na bibi kunangojewa wiki nne hadi sita, mpaka munganga aruhusu. Katika muda huo mtu habebi mzigo, na hapo wasukuma chukudu wanaumia sana, maana wiki sita bila chukudu ni wiki sita bila chakula. Familia na kanisa zijue kwamba msaada wa muda huo una thamani kuliko sala nyingi za shukrani. Damu kidogo kwenye mkojo katika wiki za kwanza inaweza kutokea tena hata kisha kuisha. Mtu anakunywa maji zaidi na anapumzika. Isipokatika, ao ikija na mabonge, anarudi hospitali.

Kwa wanaovuja mkojo kuna zoezi lisilolipiwa. Sonda ikishatolewa, si kabla, mwanaume anakaza misuli ya chini, ile anayotumia kuzuia hewa isitoke mbele za watu. Anahesabu mpaka tano, analegeza, anahesabu tena mpaka tano, anakaza. Mara kumi, mara tatu kwa siku, bila kubana tumbo wala kuzuia pumzi. Matokeo yanaonekana kisha wiki nyingi, si kisha siku mbili, kwa hiyo wengi wanaacha mapema. Uzuri wake ni kwamba linafanyika popote: kwenye benchi la kanisa, kwenye moto, hata katika foleni ya kugawiwa unga, na mtu aliyesimama nyuma hajui kitu.

Na kwa bibi wa mwanaume aliyepasuliwa: kukosa mbegu si ushahidi wa mwanamke mwingine. Akitaka kuhakikisha, amwambie bwana akojoe kwenye chombo safi kisha kukutana, waangalie pamoja kama mkojo umekuwa mweupe. Kisha waende wote wawili kwa aliyempasua, siku ya kurudi, na wamwulize wakiwa wamekaa pamoja.